Babu Aliyevaa Jezi ya Taifa: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Nasaba ya Mchezaji wa Raga

Mchezaji wa raga wa timu ya taifa ni babu rahisi kumpata, na ni rahisi vilevile kumkosea. Ni rahisi kumpata kwa sababu jina lake lilichapishwa gazetini pamoja na tarehe, uwanja na klabu, jambo ambalo mchimba makaa wa kawaida wa mwaka 1890 hakulipata hata siku moja. Kumkosea nako ni rahisi, kwa kuwa vitabu vya raga viliandikwa na wapenzi wa mchezo, na wengi wao hawakuwahi kufungua daftari la usajili wa vizazi. Tarehe ya kuzaliwa ikikosewa mara moja hunakiliwa kitabu hadi kitabu, tovuti hadi tovuti, mpaka inaonekana kuwa kweli kwa wingi tu wa mahali ilipoandikwa.

Kwa hiyo kazi yako ni moja: kuthibitisha kwa hati kwamba mtu wa uwanjani na mtu wa nyumbani kwenu ni mtu mmoja. Ukilifanikisha hilo, nasaba yote iliyobaki ni utafiti wa kawaida.

Mwongozo huu unahusu nchi nne zilizoanzisha raga ya kimataifa: England, Uskoti, Wales na Ireland. Tukiandika England tunamaanisha nchi moja kati ya hizo. Uingereza ni dola zima.

Anza na kofia, intaneti baadaye

Mchezaji aliyechezea timu ya taifa alipewa kofia ya mahameli yenye shada, iliyotariziwa kwa uzi wa fedha au dhahabu. Alipewa kofia moja tu. Tukisema mtu ana kofia 12 tunamaanisha mechi 12. Kichwani ni ileile, iliyoongezewa miaka ya misimu aliyocheza. Ndiyo maana kofia ni hati: soma miaka iliyotariziwa, kisha utazame alama. Waridi ni England, mbaruti ni Uskoti, manyoya matatu ya Mwanamfalme wa Wales ni Wales, na jani la vipande vitatu ni Ireland.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia mapema kabisa. Kofia za mahameli zilitolewa pia na kaunti, na shule, na hata timu za wanafunzi za taifa. Chama cha kandanda cha England nacho kilitoa kofia, nyingi zikiwa na simba watatu. Kofia yenye simba watatu haina uhusiano na raga, hata kama bibi alisisitiza miaka 50. Kofia yenye ngao ya kaunti inaonyesha kwamba babu alikuwa mchezaji mzuri wa mkoa wake, na hiyo ni habari nyingine ya kufuatilia.

Piga picha nje na ndani. Ndani tafuta lebo ya mshonaji na jina lililoandikwa kwa wino kwenye bitana. Piga picha pia nyuma ya kila picha ya timu, maana majina huandikwa huko kwa penseli na hufutika kwa kushikwashikwa.

Kisha kaa na wazee. Usiulize "alichezea nani?", kwa sababu jibu hilo limekwisha kupambwa. Uliza alifanya kazi gani, aliabudu kanisa gani, aliitwaje kwa utani, aliwahi kuhamia kaskazini ya England, aliumia wapi, na nani alichukua medali zake alipofariki. Majibu ya namna hii hayana sifa ndani yake, hivyo hayana sababu ya kuongezwa chumvi, na ndiyo yatakayokuokoa ukikutana na watu watatu wenye jina moja.

Mpate kwenye orodha ya mechi

Mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa Raeburn Place, Edinburgh, tarehe 27 Machi 1871, Uskoti dhidi ya England, wachezaji 20 kila upande. Idadi ilishuka hadi 15 mwaka 1877. Ireland ilianza 1875, na Wales tarehe 19 Februari 1881 huko Blackheath. Familia ikisema babu alichezea Wales mwaka 1878, ama mwaka si huo au timu si hiyo.

Orodha za wachezaji wote wa timu hizi zipo na ziko kamili: kwenye kanzidata za takwimu za raga mtandaoni, na kwa vyama vyenyewe vya raga. Tafuta jina la ukoo kwanza, bila jina la kwanza. Nakili kila mtu mwenye jina hilo ndani ya miaka 15 ya makadirio yako, pamoja na klabu zake zote. Ukikosa jina kabisa, usifunge jalada. Pitia nafasi hizi nne:

Moja, mechi ya majaribio. Kabla ya kuchagua timu, vyama viliandaa mechi kati ya wachezaji wanaotarajiwa na wanaofikiriwa. Aliyecheza hiyo akaachwa hakuingia orodha ya taifa, ila nyumbani alisimuliwa kama aliyeingia.

Mbili, alikuwa mchezaji wa akiba. Zamani akiba alisafiri na timu, akapigwa picha nayo, na hakuruhusiwa kuingia uwanjani hata mtu akivunjika mguu. Picha ipo, kofia haipo.

Tatu, alicheza raga ya ligi, ambayo tutaieleza mbele.

Nne, alichezea nchi nyingine. Sheria za nani achezee nani zilikuwa legelege. James Marsh alichezea Uskoti mwaka 1889 na England mwaka 1892. Frank Hancock alikuwa wa Wales, na nduguye Froude akawa wa England, ingawa ukoo wao ni wa Somerset. Mahali pa kuzaliwa hapakuamua mambo peke yake. Klabu na makazi vilikuwa na uzito mkubwa.

Gazeti la wiki ya mechi

Watafiti wengi husoma ripoti ya mechi na kuishia hapo. Ripoti ya mechi haina faida kubwa kwa nasaba: itakuambia alidondosha mpira dakika za mwisho. Unachohitaji ni gazeti la siku timu ilipotangazwa, na lile la asubuhi ya mechi. Huko ndiko walikochapisha maelezo mafupi ya kila mchezaji, hasa mgeni: umri, kimo, uzito, mahali alipozaliwa, klabu ya kwanza, kazi, na mara nyingine jina la baba kama naye alijulikana mjini.

Uzito uliandikwa kwa mawe na ratili. Jiwe moja ni ratili 14, yaani kilo 6.35. Fowadi wa "13st 4lb" alikuwa na ratili 186, karibu kilo 84. Usiupuuze uzito: jeshi nalo lilipima watu, na jalada la askari wa 1915 mwenye kimo na uzito ulio mbali mno na wa mchezaji wa 1909 ni onyo kwamba umeshika mtu mwingine.

Kwa Wales, anza na hazina ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Wales, Welsh Newspapers Online. Ni bure, na ina Evening Express na South Wales Daily News, magazeti yaliyopenda raga kuliko siasa. Kwa England, Uskoti na Ireland, British Newspaper Archive hutoza ada. Lipa mwezi mmoja tu, lakini andaa maswali yako yote kabla ya kulipa. Papers Past ya New Zealand na Trove ya Australia ni bure, na zina habari za ziara za timu za Uingereza ambazo hata magazeti ya nyumbani hayakuzipa nafasi.

Namna ya kutafuta: usianze na jina la babu. Mashine iliyosoma kurasa hizi huona "m" kama "rn", na jina fupi hupotea. Andika jina la klabu, jina la timu pinzani, na neno la Kiingereza la mechi za taifa, "international", kisha funga tarehe kati ya siku 14 kabla ya mechi na siku 7 baada yake. Fungua ukurasa wenyewe usome kwa jicho. Wachezaji waliandikwa kwa herufi za mwanzo na klabu kwenye mabano. Klabu ndiyo kitambulisho. Mwenye jina Davies, Jones, Williams, Evans au Thomas hawezi kutofautishwa gazetini kwa njia nyingine.

Rudi kwenye magazeti pia kwa tarehe za baadaye: harusi, kesi ya leseni ya baa (wachezaji wengi waliostaafu waliendesha baa), na tangazo la kifo. Taazia ya mchezaji hutaja wajukuu, wabeba jeneza na kanisa. Ila umri wa kwenye taazia uliambiwa mwandishi na mtu mwenye huzuni. Chukua kama dokezo.

Mfunge kwenye sensa

Hapa kalenda imetupa zawadi. Mechi nyingi za kimataifa zilichezwa kati ya Januari na Machi, na sensa ilihesabiwa mwishoni mwa Machi au mapema Aprili kila miaka 10. Wanaume 40 waliocheza Raeburn Place tarehe 27 Machi 1871 waliandikwa kwenye sensa ya usiku wa tarehe 2 Aprili, siku 6 baadaye. Timu ya Wales ya Februari 1881 ilihesabiwa tarehe 3 Aprili. Kwa wachezaji wa misimu ya 1871, 1881, 1891, 1901 na 1911, gazeti na sensa vinamwona mtu yuleyule ndani ya wiki chache, mwenye kazi ileile na mji uleule. Tumia nafasi hiyo.

Utaratibu ni huu. Chukua umri, kazi na mji kutoka gazetini. Tafuta sensa kwa jina, umri ukiupa nafasi ya miaka 2 juu na 2 chini, ndani ya maili 10 za uwanja wa klabu. Orodhesha wote wanaofaa, hata wakiwa 9. Kisha uwafute mmoja mmoja kwa kazi: gazeti likisema polisi, mchuuzi wa samaki anatoka. Usimchague anayekupendeza, hakikisha wengine wote wameondolewa kwa sababu unayoweza kuiandika. Wakibaki wawili, wabaki wawili mpaka cheti kiseme.

Kila sensa ina utamu wake. Ya 1911 kwa England na Wales ipo kwa mwandiko wa mwenye nyumba mwenyewe, na inataja miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai na waliofariki. Kama una barua au saini ya babu, linganisha herufi. Ya 1921 inaandika mwajiri na mahali pa kazi, na umri kwa miaka na miezi. Kwa mchezaji wa mabonde ya Wales unapata hata mgodi alioshukia. Ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942, na 1941 haikufanyika. Pengo hilo linazibwa na rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, inayotoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Wachezaji wengi wa kabla ya Vita vya Kwanza walikuwa hai bado mwaka huo, kwa hiyo ndiyo hati ya kwanza kuangalia unapoona vitabu viwili vinabishana juu ya tarehe.

Ireland ina jeraha. Sensa za karne ya 19 karibu zote zimeangamia, nyingine kwa amri ya serikali na nyingine katika moto wa Dublin wa 1922. Za zamani zaidi zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911, bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland.

Vyeti: kila nchi na desturi yake

England na Wales walianza kusajili Julai 1837. Faharasa imepangwa kwa robo mwaka ya usajili, na wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili mtoto. Aliyezaliwa Desemba 1880 anaweza kuwa kwenye robo ya kwanza ya 1881, na watu hukosa cheti kwa sababu hiyo tu. Kabla ya 1875 sheria haikuwabana wazazi sawasawa, kwa hiyo baadhi ya wachezaji wa mwanzo hawamo kabisa. Watafute kwenye ubatizo.

Tumia faharasa ya ofisi kuu ya usajili yenyewe, siyo nakala za zamani peke yake. Nakala za zamani zinaonyesha jina la ukoo la mama kuanzia robo ya tatu ya 1911 tu. Ya ofisi kuu inalo tangu 1837. Jina hilo la mama ndilo linalotenganisha akina Davies. Kabla hujanunua cheti kamili, angalia kama picha ya kidijitali ya kumbukumbu hiyo inauzwa. Kwa vizazi vya zamani ni nafuu sana na ina maelezo yaleyale.

Uskoti ilianza Januari 1855, na vyeti vyake ni tajiri kuliko vyote. Cheti cha ndoa kinataja baba na mama wa pande zote mbili, na cheti cha kifo kinataja wazazi wa marehemu. Cheti cha kuzaliwa, tangu 1861, kinataja tarehe na mahali wazazi walipooana. Unaweza kupanda vizazi vitatu kwa jioni moja kwenye ScotlandsPeople, ukilipia ukurasa mmoja mmoja. Ireland ilisajili ndoa zisizo za Kikatoliki tangu 1845 na mengine yote tangu 1864. Picha za vitabu hivyo ni bure kwenye IrishGenealogy.

Cheti kinachofunga kazi kwa kawaida ni cha ndoa. Kina kazi ya bwana harusi, anwani, jina la baba na kazi ya baba, pamoja na mashahidi. Tazama mashahidi kwa makini: wachezaji walisimamiwa na wachezaji wenzao. Ukikuta shahidi mwenye jina la mtu aliyecheza naye klabu moja msimu uleule, umeshika uzi ambao hakuna kitabu kitakupa.

Panda kutoka kwako

Kosa linalovunja tafiti nyingi ni kuanza na nyota kisha kushuka kumtafutia wajukuu. Ukishuka utapata daima njia ya kufika kwako, kwa sababu unaitaka. Anza na cheti chako, panda hadi cha mzazi, babu, baba wa babu, ukiwa na hati kwa kila ngazi, kama vile hujawahi kusikia habari za raga. Ukifika kwenye kizazi chake, linganisha mtu uliyemfikia kwa vyeti na mtu uliyemjenga kwa gazeti na sensa. Vitu vitatu vikikubaliana (mathalani kazi, anwani na jina la baba) bila kimoja kupinga, umemaliza. Viwili vikikubali na kimoja kikapinga, hujamaliza. Eleza kwanza kile kinachopinga.

Kuasili watoto kisheria kulianza England na Wales Januari 1927. Kabla ya hapo mtoto alilelewa na jamaa bila hati, na jina likabadilika kimyakimya. Kipimo cha vinasaba husaidia hapa, hasa mkimpima mzee aliye karibu zaidi na mchezaji kwa kizazi. Mpate kwa ridhaa yake, na mweleze mapema kwamba majibu yanaweza kufichua asichotarajia. Majina na tarehe za walio hai msizichapishe.

Majina, umri na yatima

Dave Gallaher, nahodha wa New Zealand ya 1905, alizaliwa Ramelton, Ireland, mwaka 1873, katika familia iliyoandikwa Gallagher. Herufi moja ilidondoka baada ya kuhamia New Zealand. Alipojiandikisha kwenda vitani alijipunguzia umri miaka mitatu, na aliuawa Ubelgiji Oktoba 1917. Anayetafuta cheti chake kwa jina la uwanjani na umri wa jeshini hatapata kitu. Ronald Poulton wa England aliongeza jina Palmer mwaka 1914 ili arithi mali ya mjomba wake, mwenye kiwanda cha biskuti. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili kwenye takwimu na hati.

Yatima wanahitaji njia nyingine. James Bevan, nahodha wa kwanza wa Wales, alizaliwa karibu na Melbourne mwaka 1858. Wazazi wake walizama na meli iliyoitwa London katika Ghuba ya Biscay Januari 1866, naye akalelewa na jamaa huko Wales. Cheti chake cha kuzaliwa kiko Victoria, Australia, wala si Wales. Na kwa bahati vyeti vya Victoria vina maelezo mengi kuliko vya England. Alisoma Cambridge, akawa kasisi Great Yarmouth: hivyo yumo kwenye daftari la wanafunzi wa Cambridge na kwenye orodha ya makasisi wa Anglikana, Crockford, inayochapishwa tangu 1858. Madaktari wana rejista yao tangu 1859. Kwa wachezaji wa tabaka la wasomi, madaftari haya mara nyingi yanatangulia sensa kwa faida, na lile la chuo mara nyingi hutaja baba na mahali pa kuzaliwa.

James Peters, mtu mweusi wa kwanza kuchezea England, mwaka 1906, alizaliwa Salford mwaka 1879. Baba yake, aliyetoka Jamaika, aliuawa na simba wa sarakasi, na mtoto akakulia makao ya yatima London. Kwa mchezaji wa namna hii mnyororo wa vyeti hukatika utotoni, na kinachouunganisha ni vitabu vya makao ya watoto na vya shule. Peters alikuwa fundi seremala; fuata kazi kama unavyofuata jina.

Alipotoweka ghafla: raga ya ligi na vita

Agosti 1895, klabu za kaskazini ya England zilikutana Huddersfield na kujitenga, kwa sababu zilitaka kuwafidia wafanyakazi mishahara waliyokosa siku za mechi. Ndio mwanzo wa raga ya ligi. Aliyechukua pesa alifukuzwa maisha na raga ya yunioni, yaani ile ya awali isiyo na malipo, na amri hiyo iliondoka rasmi mwaka 1995 tu. Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba mchezaji wa Wales mwenye umri wa miaka 25 anayekoma ghafla kuonekana huenda hakufa wala kuumia: amehamia Salford, Oldham au Wigan na familia yake. Ndugu David na Evan James wa Swansea walikwenda Broughton Rangers mwaka 1899. Tafuta sensa inayofuata huko Lancashire na Yorkshire, ukitazama nyumba ambamo baba na mama wamezaliwa Wales na mtoto mdogo kazaliwa kaskazini. Nyaraka za Rugby Football League ziko Heritage Quay, Chuo Kikuu cha Huddersfield. Familia zingine zilificha jambo hili kwa aibu, na ndiyo sababu kofia ilikaa sandukuni.

Kwa vita, anza na kanzidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Usimwondoe mtu kwa uzee: Richard Garnons Williams, aliyecheza mechi ya kwanza ya Wales mwaka 1881, aliuawa Loos Septemba 1915 akiwa na miaka 59. Majalada ya askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza yaliungua kwa mabomu Septemba 1940, na yaliyosalia ni chini ya nusu, kwenye mfululizo WO 363 wa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Maofisa wako WO 339 na WO 374, na kadi za medali WO 372. Kadi ya medali haina mzazi wala umri. Isichukuliwe kuwa uthibitisho wa kitu.

Akiwa amekuja Afrika Mashariki

Utumishi wa kikoloni ulipenda wanamichezo wa Oxford na Cambridge, na wengine walikuja kama walowezi, wahandisi wa reli au askari. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, mfululizo BT 27 wa hifadhi hiyohiyo ya Kew, zinaanzia 1890 hadi 1960. Tafuta bandari ya kushukia Mombasa, Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam. Waliorudi wako BT 26, kuanzia 1878.

Kisha fungua gazeti rasmi la serikali. Gazeti la Kenya limewekwa mtandaoni tangu zama za Himaya ya Afrika Mashariki, na linatangaza kuajiriwa, likizo, uhamisho na mirathi. Tangazo la mirathi ndilo lenye thamani, kwa kuwa hutaja wilaya aliyofia na msimamizi wa mali. Ukiwa na tarehe na wilaya, nenda Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Kwa Tanganyika ni Upanga, Dar es Salaam. Kwa Unguja ni Kilimani. Nenda na jina la idara aliyotumikia, kwa sababu majalada yamepangwa kwa idara na wala si kwa majina ya watu.

Gerald Thompson, fowadi wa Afrika Kusini, aliuawa Juni 1916 katika vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Taveta, Voi na Nairobi yote yamo kwenye kanzidata ya Tume.

Familia ikisema babu "alicheza na Lions", timu ya pamoja ya nchi zile nne, uliza wapi. Timu ya Lions ilicheza na Afrika Mashariki mjini Nairobi Septemba 1955 ikashinda 39 kwa 12, ikarudi Agosti 1962 ikashinda 50 kwa 0. Aliyekuwa uwanjani siku hizo upande wa wenyeji hayumo kwenye orodha za timu za taifa za Ulaya, ila yumo kwenye East African Standard ya wiki hiyo. Na kama babu alizaa huku nje ya ndoa, jambo lililotokea sana, hati za Uingereza zitanyamaza. Vitabu vya ubatizo vya misheni, shajara za wilaya na vinasaba ndivyo vitakavyosema.

Kuandika na kutunza

Kwa kila dai andika mstari mmoja: dai lenyewe, hati, namba ya hati, tarehe uliyoiona, na jambo linalopinga kama lipo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha tupu, na mtafiti atakayekuja nyuma yako ataihitaji kuliko zote. Ukigundua kosa la tarehe kwenye orodha za timu, tuma nakala ya cheti kwa Jumba la Makumbusho la Raga la Dunia, Twickenham, au kwa chama cha nchi husika, pamoja na maelezo ya jinsi cheti kinavyoungana na mchezaji. Cheti peke yake bila maelezo hayo hakitoshi kubadilisha kitu.

Kofia usiifue wala usiipige pasi. Futa vumbi kwa brashi laini ukifuata mlalo wa mahameli, ijaze ndani kwa karatasi laini isiyo na asidi ili isikunjike, na iweke kwenye boksi gizani. Uzi wa fedha huwa mweusi. Uache hivyohivyo, dawa ya kung'arishia itaula uzi na kuchafua kitambaa. Pwani, ambako ukungu hushika nguo ndani ya wiki za masika, weka vifuko vya kukausha unyevu pembeni ya kofia bila kuigusa, uvibadilishe kila vinapolowa, na ufungue boksi mara moja kwa mwezi kukagua nondo.